Bangi Hugusa Wapi Katika Ubongo?

Watu wengi wakiulizwa bangi yafanya nini kichwani, hujibu kwamba yalevya, wakanyamaza. Jawabu hilo ni kweli, lakini ni fupi mno kwa kijana anayetaka kujua.

Ubongo wa mwanadamu una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Baina ya chembe na mwenziwe pana upenyo, ambao upana wake ni kama milimita moja iliyogawanywa mafungu 50,000. Mahali hapo pa kukutania, Mwingereza Charles Sherrington alipaita sinapsi mwaka 1897. Chembe inayopeleka habari humwaga kemikali katika upenyo, nayo huvuka ikanata kwenye vipokezi, mfano wa ufunguo katika kufuli.

Huenda msomaji akadhani vipokezi vyote vimo ng'ambo, kwa chembe inayopokea. Vingi ndivyo vilivyo. Lakini viko vingine upande wa mpelekaji mwenyewe, na kazi yake ni nyingine kabisa. Katika hivyo ni kipokezi kiitwacho CB1. Mwaka 2001 ilidhihirika kwamba chembe inayopokea, ikizidiwa na habari, hutengeneza mafuta maalumu yanayovuka upenyo kinyumenyume, yakagusa CB1 na kumwamuru mpelekaji apunguze. Ni breki, tena ya pale pale palipoombwa, kwa sekunde kadhaa tu, kisha huachia.

Bangi haingoji kuombwa. Dutu yake ya kulevya, THC, hufika kwa damu ikavishika vipokezi vya CB1 popote vilipo, kwa muda wa saa nzima au zaidi. Navyo vimejaa khasa katika hipokampasi, sehemu inayotia mambo mapya katika kumbukumbu. Ndiyo sababu mvutaji husahau mwisho wa maneno aliyoyaanza mwenyewe; nasi tunaohifadhisha watoto twaijua hasara hiyo.

Katika shina la ubongo, panapoendeshwa pumzi, CB1 ni vichache. Heroini ina vipokezi vyake hapo, na kwa hivyo huua kwa kukata pumzi. Bangi ni nadra. Wako wanaoifanya hiyo kuwa hoja ya kuitetea, kana kwamba kazi ya ubongo ni kupumua tu.

Avutaye kila siku, vipokezi hivyo humpungua. Lakini wavutaji walioacha walipopimwa, vilionekana vimeanza kurudi baada ya siku 2, na baada ya wiki 4 hivi vilikaribia kuwa sawa na vya wasiovuta.