Sekunde 45 za Ngoma Kutoka Harusi ya Saa Tatu

Tuseme mpiga video wa Gasenyi, mjini Bujumbura, amerudi na harusi ya saa tatu kwenye faili moja. Bibi harusi anataka sekunde 45 tu: pale wapiga ngoma wanapoanza. Programu nyingi za kuhariri, akitaka kutoa kipande hicho, zitafungua kila picha na kuibana upya. Feni inavuma, betri inashuka, na siku umeme umekatika, hilo si jambo dogo.

FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, humaliza kazi kwa mstari mmoja:

ffmpeg -ss 01:12:30 -i harusi.mp4 -t 45 -c copy ngoma.mp4

Alama ya -ss ni mahali pa kuanzia, -i ni faili lenyewe, -t ni urefu. Uzito wote uko kwenye -c copy: data inanakiliwa ilivyo, haifunguliwi wala kubanwa tena. Ndiyo maana kazi huisha upesi na ubora haupungui hata chembe. Kwa kuwa -ss imetangulia -i, programu huruka hadi karibu na mahali panapotakiwa badala ya kusoma faili zima tangu mwanzo.

Kuna bei yake. Video ya H.264, kiwango kilichotolewa mwaka 2003, huhifadhi picha kamili mara moja moja tu; zilizo katikati hueleza kilichobadilika. Programu ya x264, inayobana video kuwa H.264, isipopangwa vingine, huruhusu hadi picha 250 kati ya picha kamili mbili, yaani sekunde kumi kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde. Kunakili hakuwezi kuanzia katikati. Hivyo kipande huanza nyuma kidogo, mshereheshaji akiwa bado ameshika maikrofoni.

Kwa hotuba, hakuna atakayelalamika. Kwa ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, pigo la kwanza ndilo linalobeba kila kitu, na mkato unapaswa kugusa pale pale. Hapo -c copy iondolewe, iwekwe -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac: x264 ibane picha, -crf ipange ubora, aac ibane sauti. Kompyuta itabana upya, lakini sekunde 45 tu, si saa tatu. Faili la harusi halibadiliki, mradi kipande kipewe jina tofauti.