Je, Wajua? Fundi wa Vyoo vya Ndege na Wimbo Uliowaliza Wengi

Zikitajwa nyimbo za mapenzi yaliyovunjika katika muziki wa soul wa Marekani, "Ain't No Sunshine" wa Bill Withers haukosi. Ulitoka mwaka 1971, unamhusu mwanamume aliyeachwa peke yake nyumbani, na una dakika mbili na sekunde chache tu. Ukibandika chai jikoni, wimbo utakwisha kabla haijachemka. Lakini mambo yaliyo nyuma ya dakika hizo mbili!

Mtunzi alikuwa akiunda vyoo

Naam, vyoo vya ndege za Boeing 747. Withers alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Weber Aircraft, karibu na Los Angeles, na 747 yenyewe ilikuwa ndege mpya kabisa, imeanza kubeba abiria Januari 1970. Picha ya jalada la albamu yake ya kwanza, *Just As I Am*, ilipigwa hapohapo kiwandani wakati wa mapumziko ya mchana, ameshika kisanduku chake cha chakula. Hakuwa na haraka ya kuacha kazi, maana aliona muziki haumhakikishii mtu mlo wa kesho. Mimi nadhani ndiyo sababu sauti ile haina mbwembwe hata chembe.

Chanzo chake ni filamu ya walevi

Withers aliitazama kwenye televisheni *Days of Wine and Roses*, filamu ya 1962 ambamo Jack Lemmon na Lee Remick ni mume na mke wanaozama katika pombe. Mmoja akipata nguvu, mwenzake analegea. Kilichomgusa ni jinsi watu wanavyokirudia kitu kinachowaumiza, na ndiyo maana mwanamume wa wimbo huu anaelewa fika kwamba heri amwache yule msichana aende zake, na bado moyo unagoma.

Maneno mawili, mara 26

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Katikati ya wimbo, Withers anarudia maneno mawili yaleyale mara 26 mfululizo. Palitakiwa pawe na ubeti mwingine, lakini alikuwa hajautunga. Akapaziba kwa muda, akikusudia kuja kuandika maneno ya maana. Wanamuziki waliokuwa studioni wakamwambia apaache hivyohivyo.

Na hao hawakuwa watu wa mchezo. Mtayarishaji alikuwa Booker T. Jones, kiongozi wa kundi la Booker T. & the M.G.'s la Memphis. Besi ilikuwa mikononi mwa Donald "Duck" Dunn, ngoma kwa Al Jackson Jr., gitaa kwa Stephen Stills. Withers alikuwa mgeni wa studio, tena mtu wa kiwandani. Akaona wakongwe wameshasema, akatii. Isikilize sehemu ile kwa makini: ala nyingi zinanyamaza, na mtu aliyeachwa anabaki na lilelile moja, linamzunguka kichwani. Ubeti uliokosekana ukawa ndio moyo wa wimbo.

Uliwekwa upande wa pili wa santuri

Upande wa kwanza ulipewa wimbo "Harlem". Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri, wakapiga huu. Ukapanda hadi nafasi ya 3 katika chati ya Billboard ya Marekani, na mwaka 1972 ukampatia Withers tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B.

Zawadi ya choo cha dhahabu

Wimbo ulipofikia mauzo ya daraja la dhahabu, kampuni yake ya muziki ilimkabidhi choo cha rangi ya dhahabu. Sijui zawadi gani ingemfaa zaidi fundi huyu!

Alikuwa na kigugumizi hadi miaka 28

Alizaliwa 4 Julai 1938 huko Slab Fork, West Virginia, mahali pa machimbo ya makaa ya mawe. Alifiwa na baba akiwa na miaka 13, kisha akalitumikia Jeshi la Wanamaji kwa miaka tisa. Wimbo ulipovuma alikuwa na miaka 33, na kigugumizi kilikuwa kimeshamwacha.

Mtoto wa miaka 13 aliuimba pia

Huyo ni Michael Jackson, katika albamu *Got to Be There* ya Januari 1972. Uingereza toleo lake liliingia kumi bora.

Withers aliimba Kinshasa

Septemba 1974 alipanda jukwaani katika tamasha la Zaire 74, lililoandaliwa kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia juu ya jicho akiwa mazoezini, ngumi zikaahirishwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. Walikuwapo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz, pamoja na wenyeji Franco na Tabu Ley Rochereau. Katikati ya vishindo hivyo, Withers aliketi na gitaa lake akaimba "Hope She'll Be Happier", wimbo mwingine wa kuachwa kutoka albamu ileile ya 1971. Filamu ya *Soul Power* ya mwaka 2008 imeyahifadhi hayo. Itafute, na wimbo huo ukianza, usiukatize.