Kilio cha Mtoto Katika Kibanda cha Sinema

Mzazi kumpeleka mwanawe kutazama sinema ni jambo jema. Lakini kumpakata mtoto wa mwaka mmoja ndani ya chumba chenye kiza na joto, saa nne ya usiku, huku filamu ya mapigano inanguruma, si jambo jema hata kidogo.

Hivi karibuni tulikuwa Mikumi, wilayani Kilosa, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko, kama ilivyo katika miji mingi midogo, sinema hutazamwa katika vibanda ambavyo wananchi wenyewe wamevipa jina la vibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja, kiingilio kidogo na mlango mmoja. Usiku ule mtoto alianza kulia, wa pili akamfuata. Sauti ya msimulizi afasiriye maneno ya kigeni kwa Kiswahili ikapotea. Watu wakapiga miunzi.

"Mama, mtoe mtoto nje!" alisema kijana mmoja.

"Nimtoe niende naye wapi, mwanangu? Nami nimelipa," mama akajibu.

Watu wakacheka, na mtoto akaendelea kulia.

Jibu la mama yule tumelitafakari sana. Ni kweli kwamba aliyelipa ana haki ya kusikia alicholipia. Lakini mama aliyeshinda shambani au sokoni naye ana haki ya kuburudika, na huenda hana wa kumwachia mtoto. Tulipoangaza macho tuliona wanaume wengi kibandani, wala hatukuona hata mmoja aliyepakata mtoto. Wapiga miunzi hawakuliuliza hilo.

Anayedhulumiwa zaidi ni mtoto mwenyewe. Hukoseshwa usingizi, masikio yake huumizwa, na akipata fahamu kidogo huoneshwa watu wakichinjana. Tena moto ukitokea katika chumba chenye mlango mmoja, mama mwenye mtoto atapita wapi?

Wasomaji wetu wa Visiwani wanayakumbuka majumba ya Majestic, Empire na Cine Afrique mjini Zanzibar. Katika enzi ya majumba ya sinema mjini humo yalikuwapo maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao. Mama alikwenda na wanawe, na kilio cha mtoto hakikumshangaza mtu. Hata Uingereza leo baadhi ya majumba hutenga maonyesho ya mchana kwa wazazi wenye watoto wachanga. Taa hazizimwi zote, na sauti hupunguzwa. Basi dawa ya jambo hili si ngeni. Wazee wetu waliijua.

Sheria nayo haikosekani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, iliweka Bodi ya kukagua filamu Tanzania Bara, na filamu hupangiwa madaraja kwa umri wa watazamaji. Visiwani kazi hiyo ni ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Lakini daraja la filamu lina faida gani ikiwa mlangoni hapana anayeliangalia, na kila mwenye kiingilio hupita, awe na miaka thelathini au mitatu?

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, wenye vibanda watenge onyesho la alasiri, siku za Jumamosi na Jumapili, kwa wazazi na watoto, kwa filamu zinazowafaa. Pili, daraja la umri libandikwe mlangoni na liheshimiwe, na onyesho la usiku liwe la watu wazima. Tatu, maofisa wa utamaduni na wa usalama wavitembelee vibanda hivyo, wahakikishe vina mlango wa pili na hewa ya kutosha. Wasiende kuvifunga, kwani ndiyo burudani ya wananchi wa kipato kidogo, waende kuvitengeneza.

Jambo hili lisingoje. Reli ya kisasa iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024 ina kituo Kilosa, na penye wageni wengi vibanda navyo huongezeka. Wala sisi wa Visiwani tusidhani kwamba hayo ni ya Bara tu.

Na akina baba tunawakumbusha: zamu ya kupakata mtoto si ya mama peke yake. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini mtoto aliaye kibandani usiku wa manane hana utovu wa adabu. Anatuambia kwa lugha yake kwamba anataka kwenda kulala. Tumsikilize.