Mashine Haina Ulimi

Watu wengi wakisikia habari za majengo ya kale, mara moja hufikiri ngome, majumba ya wafalme na makaburi ya masultani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mgodi uliofungwa na tanuri lililopoa ni ukumbusho vilevile; tena ni ukumbusho wa watu walio wengi, yaani wale walioishi kwa jasho lao.

Katika nchi ya Ruhr, magharibi ya Ujerumani, neno hili limefahamika. Tangu mwaka 1999 iko njia ya mzunguko, yenye urefu wa kilomita 400 hivi, iliyowekewa vibao vya rangi ya kahawia ili kumwongoza mwenye motokaa toka mgodi hata mgodi, na toka kiwanda hata kiwanda. Apendaye huweza kwenda peke yake. Sisi tulichukua kiongozi, nami nasema bila kusita kwamba bila yeye tungaliona chuma tu.

Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyeshuka mgodini akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Aliketi mbele, kando ya dereva, na kila tulipopita mtaa alituonyesha mahali palipokuwa na lango la mgodi ambapo leo pana duka au bustani. Mwaka 1957 machimbo ya makaa ya mawe ya Ujerumani Magharibi yalikuwa na wafanyakazi wapatao 600,000. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa mjini Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018. Kazi iliyolisha vizazi na vizazi ikawa hadithi.

Tulianzia Zollverein, mjini Essen. Shimo lake la namba 12, lililoanza kazi mwaka 1932, lilitoa tani 12,000 za makaa kwa siku. Wajenzi wake, Fritz Schupp na Martin Kremmer, walilipanga kwa mistari iliyonyooka hata watu wakauita mgodi ule mzuri kuliko yote duniani. Ulifungwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Leo pale pana makumbusho, na katika nyumba ya kuogea wachimbaji watu hucheza ngoma za maonyesho.

Uzuri huo una hatari yake. Mgeni husimama chini ya mnara, akapiga picha, akaenda zake, akidhani amekwisha kuuona mgodi. Mzee wetu hakuturuhusu kufanya hivyo. Alitueleza jinsi kila mtu alivyokuwa na mnyororo wake na kulabu yake, akaivuta nguo yake ya nyumbani mpaka darini kabla ya kushuka. Na jinsi kulabu isiyoteremshwa jioni ilivyowanyamazisha watu wote. Alitueleza habari za vumbi la mawe linaloingia mapafuni likamuua mtu polepole, miaka mingi baada ya kuiacha kazi. Hayo hayamo katika picha.

Wala hakuficha aibu ya nchi yake. Alisema kwamba wakati wa vita ya pili ya dunia mateka na raia wa nchi zilizotekwa walilazimishwa kuchimba makaa haya, na wengi wao hawakurudi makwao. Kisha akawataja Waturuki waliokuja kwa mapatano ya mwaka 1961, ambao chini ya ardhi, alisema, walikuwa weusi kwa masizi kama yeye, na ambao maisha yao yalikuwa mikononi mwake kama yake yalivyokuwa mikononi mwao.

Kutoka hapo tulikwenda Oberhausen kuona mtaa wa Eisenheim, nyumba za wafanyakazi zilizoanza kujengwa mwaka 1846. Katika miaka ya 1970 wenye amri walitaka kuzibomoa. Waliozuia ni wakazi wenyewe: walikutana, wakabisha, wakashinda. Hata leo watu wanakaa humo, na mboga zinaota nyuma ya nyumba.

Jioni tulifika Hattingen, penye kiwanda cha chuma cha Henrichshütte. Mwaka 1987, ilipotangazwa kwamba kitafungwa, mji mzima uliinuka pamoja na wafanyakazi. Kwa habari ya ajira walishindwa: tanuri la mwisho lilizimwa mwaka ule ule. Tanuri moja lilinunuliwa na Wachina, wakalifungua kipande kwa kipande na kulichukua kwao. La pili limebaki, na ndilo makumbusho ya leo.

Hapo ndipo nilipouliza swali lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi. Je, si dhihaka kumnyang'anya mtu kazi, kisha kumwuzia tikiti ya kuitazama? Mzee alifikiri kitambo. Akajibu kwamba ni dhihaka ikiwa anayeisimulia ni mwingine; lakini akiisimulia yeye mwenyewe, basi angalau hilo hawakumnyang'anya.

Ndugu msomaji, jibu hilo linatuhusu sote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nchi ya Ruhr, ardhi iliyochimbwa imezama kwa mita nyingi mahali pengine, na pampu za kuvuta maji hazina budi kufanya kazi daima, la sivyo miji itafurika. Kwa pampu hizo fedha imetengwa. Bali kumbukumbu ya mchimbaji haina pampu. Tangu mwaka 2018 hakuna kijana anayejifunza kazi ile huko, na viongozi kama mzee wetu wanapungua kila mwaka.

Nasi tuna deni kama hilo, tena kwa Wajerumani wale wale. Reli ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ilijengwa chini ya utawala wao kwa mikono ya Waafrika maelfu. Wale waliobeba mataruma wamekwisha kufa, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Kwao tumechelewa. Lakini wako wazee wa karakana, wa bandari na wa mashamba ya katani ambao bado wanaota jua barazani. Usingoje mpaka jumba la makumbusho lijengwe. Jumapili hii nenda kwa mmoja wao ukiwa na daftari, umwamkie, umwulize alifanya kazi gani, kwa mshahara gani, na nani alikuwa mwenzake zamuni. Mashine hudumu miaka mia, lakini haina ulimi. Mwenye ulimi ni mzee huyo, na siku zake zinahesabika.