Sura Moja, Maana Mbili: Kweli na Uongo Kuhusu Maneno ya Ukambani

Ikiwa umewahi kusafiri barabara ya Mombasa, au umeishi na jirani kutoka Kitui au Makueni, hadithi hizi umekwisha kuzisikia. Maneno ya Kikamba na ya Kiswahili hufanana sana sura, na palipo na kufanana hapakosi msimuliaji. Tuzipime moja moja.

Kituo cha Kima kiliitwa hivyo kwa sababu simba alimsaga Mzungu akawa nyama ya kima.

Uongo.

Mzungu aliuawa, hilo halina ubishi. Juni 1900, Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alikuwa akisafiri na wenzake wawili kutoka Makindu kwenda Nairobi. Walipofika Kima, ambayo leo iko Kaunti ya Makueni, wakapata habari za simba aliyekuwa akiwahangaisha wafanyakazi wa stesheni. Behewa lao likaegeshwa pembeni ili wamvizie usiku. Simba ndiye aliyewavizia wao: aliingia behewani, akamuua Ryall, akatoka naye kupitia dirishani. Behewa lenyewe unaweza kuliona hadi leo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Sasa angalia mfuatano wa mambo. Simba alikuwa akisumbua stesheni kabla Ryall hajafika, na stesheni hiyo tayari ilikuwa na jina. J. H. Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1907 kuhusu simba wa Tsavo, anaiandika Kimaa, kwa a mbili. Nyama ya kusagwa haikuhitajika, maana Kikamba kina neno lake la zamani, kĩĩma, yaani mlima. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alilisikia nusu karne kabla ya kifo cha Ryall. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mzee Kivoi, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji, na jina aliloliandika ni Kima ja Kegnia. Kutokana na jina hilo la mlima nchi nzima ikapata jina la Kenya.

Kiswahili peke yake kina kima watatu wasiojuana: kima anayeiba mahindi shambani, kima cha chini cha mshahara, na kima ya kwenye sambusa, ambayo jina lake lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Wa Ukambani ni wa nne.

Mkamba akitamka "kwenda", anazungumzia safari.

Uongo, na huu ndio unaowapoteza wageni wengi.

Kwa Kikamba kwenda ni kutaka, tena ni kupenda. Wendo ni upendo. Safari ukitaka kuitaja, sema kũthi. Kwa hiyo mwenye duka pale Mwingi akikuuliza "Ũkwenda kyaũ?", usimweleze unakoelekea. Taja sukari yako. Na kijana wa Nairobi, ambaye msichana humwita manzi, akimsikia mzee wa Kitui akisema "Nĩngwenda manzi", asidhani mzee anaenda kumwona msichana: manzi ya Kitui ni maji, na mzee ana kiu.

Wapo wanaosema kwenda hizi mbili zina asili moja, kwa kuwa apendaye ndiye aendaye. Wazo tamu, lakini jirani Mkikuyu analikata. Yeye upendo anauita wendo kama Mkamba, ila safari anaiita rũgendo, kwa g. Mganda naye husema okugenda, yaani kwenda. Mzizi wa safari una g yake ya tangu zamani, na mzizi wa upendo hauna. Kiswahili kilipoidondosha ile g, maneno mawili yakajikuta yamevaa sura moja.

Ukiambiwa "koma" Ukambani, umekemewa.

Uongo. Umetakiwa usingizi mwema. "Koma nesa" ni lala vyema; jibu kwa tabasamu.

Maneno yenye sura moja na maana tofauti hayawezi kuwa na undugu.

Uongo, ingawa mara nyingi hivyo ndivyo ilivyo. Chukua Kijerumani, lugha ya Krapf, na Kiingereza. "Rat" ya Mjerumani ni ushauri na ya Mwingereza ni panya. Hawana ujamaa wowote. Lakini "Gift", ambayo ni sumu Ujerumani na zawadi Uingereza, ni neno moja lililotokana na kutoa. Wajerumani walianza kuitaja sumu kwa staha, kama kitu anachopewa mtu, mpaka maana ya zawadi ikapotea. Sura haitoshi kukanusha undugu, kama isivyotosha kuuthibitisha.

Wazee husema Kikamba na Kiswahili ni ndugu.

Kweli kabisa, na wazee walilijua hilo kabla mwanaisimu Wilhelm Bleek hajaziita lugha hizi za Kibantu katika karne ya kumi na tisa.

Ushahidi wenye nguvu haumo katika maneno yanayofanana mno. Umo katika tofauti zinazojirudia kwa utaratibu. Usiku wa Kiswahili ni ũtukũ kwa Kikamba. Msitu ni mũtĩtũ. Mara mbili, s ya pwani inakutana na t ya bara, mahali palepale katika neno. Bahati haifanyi kazi kwa utaratibu hivyo.

Basi lako likisimama Mtito Andei, soma kibao polepole. Kikamba kina irabu saba, Kiswahili tano, na waliosajili majina ya stesheni waliziacha zile mbili za ziada, ĩ na ũ. Zirudishe, na jina linakuwa Mũtĩtũ wa Ndei: msitu wa tai, wale wala mizoga. Mbele kidogo, ukielekea Nairobi, utapita Makindu, mji wenye jina la mkindu, uleule ambao akina mama wa Lamu na Pemba husukia mikeka.