Mtoto Akianguka: Damu Isiyoonekana

Maembe na avoka zinapoiva, watoto wanapanda miti, na watoto wanaanguka. Wengine wanagongwa na pikipiki, wengine wanapigwa teke na ng'ombe, wengine wanaanguka na baiskeli ao na chukudu kwenye mteremko. Mama anakuja mbio na mtoto mwenye kidonda kwa mguu, damu inatiririka, watu wote wanalia. Kidonda kile tunakiosha, tunakishona, kinapona. Mtoto tunayemwogopa zaidi ni mwingine. Ni yule aliyesimama peke yake, akajipangusa udongo, akasema “Sina kitu,” halafu akaenda kulala bila kula.

Mama, ndani ya mwili iko nafasi kubwa tatu ambamo damu inaweza kumwagika bila tone moja kuonekana nje: kichwa, kifua na tumbo. Ngozi inaweza kuwa nzima kabisa. Kwa hiyo mtoto mwenye ameanguka kutoka juu, ao amepigwa na kitu kizito, inafaa umwangalie kutwa na usiku kucha, hata kama anacheka.

Tuanze na tumbo, kwa sababu hapo ndipo mama wengi wanadanganyika. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, iko bandama. Kwa mtoto mzima wa afya ni ndogo, na mbavu zinaifunika. Lakini kwetu watoto wanapata malaria mara na mara, na malaria inavimbisha bandama. Siku ya kupima watoto umemwona muuguzi akibonyeza tumbo la mtoto upande ule. Ni bandama anaitafuta. Ikivimba inashuka chini, mbavu haziilindi tena, nayo imejaa damu kama sifongo iliyojaa maji. Basi inaweza kupasuka kwa pigo lisilo kubwa: usukani wa baiskeli, teke la mwenzake kwenye mpira, hata ngumi ya mtu mzima mwenye hasira. Mara nyingine inavuja pole pole. Mtoto anaanguka leo, anatembea kesho, na kesho kutwa anazimia.

Utajuaje? Fanya kama unavyofanya ukiogopa kwamba mtoto amepungukiwa damu: fungua mdomo wa chini, angalia ndani, angalia na viganja vya mikono. Vikiwa vyeupe kuliko jana, damu inakwenda mahali. Mikono na miguu ni baridi, moyo unapiga mbio, mtoto anaomba maji tena na tena, hataki kucheza. Tumbo linakuwa gumu kama ubao ao linavimba, na ukiligusa anasukuma mkono wako. Alama moja inashangaza mama wengi: mtoto analia bega la kushoto linauma, na bega halikupigwa. Damu ikikusanyika karibu na bandama, maumivu yanasikika begani. Mwangalie pia anapokojoa. Mkojo mwekundu unaonyesha kwamba figo limeumia.

Sasa, mama, sikia vizuri. Tumbo lililopigwa, hapana kulikanda kwa maji ya moto. Hapana kulichua na mafuta ya mawese, hapana kulichanja, hapana kumtilia mtoto dawa kwa njia ya nyuma kwa bomba. Tunajua nyanya anafanya hayo kwa upendo, na kwa tumbo la kawaida labda hakuna hasara kubwa (ile ya bomba hatuisifu hata siku moja). Lakini kukanda bandama iliyopasuka ni kuipasua zaidi. Usimpe chakula wala kinywaji mpaka muganga amwone, kwa sababu akihitaji kupasuliwa, mtu wa kumlaza usingizi anataka tumbo tupu. Midomo ikikauka, ilowanishe kwa kitambaa chenye maji. Aspirini hapana kabisa, inazuia damu kuganda.

Wengine hawaleti mtoto kwa kuogopa kisu. Zamani bandama iliyopasuka ilikuwa ikiondolewa upesi. Leo, kama damu imetulia, waganga wengi wanamlaza mtoto kitandani, wanampima mapigo ya moyo kila mara, wanamwekea serumu ao damu ya kuongezwa, na bandama inapona yenyewe bila kupasua. Wanafanya hivyo kwa sababu bandama ni askari wa mwili: mtoto asiye nayo anashikwa vibaya na magonjwa ya damu, anahitaji chanjo zaidi, na kila homa yake ni ya kukimbiza hospitali siku ile ile. Ukimleta mapema, nafasi ya kuiponya bandama ni kubwa zaidi.

Kichwa kina ujanja wake. Mtoto anapigwa, anazimia kidogo, anaamka, anaongea vizuri, kila mtu anashukuru. Kumbe mshipa umekatika kati ya mfupa na ubongo, na damu inajaa pole pole. Mfupa wa kichwa hauvimbi kama tumbo. Damu ikikosa nafasi inabana ubongo. Baada ya saa chache anaanza kutapika, kichwa kinauma zaidi, anasinzia. Usiku ule mwache alale, lakini umwamshe kila saa mbili. Akufungulie macho, akutaje jina, aseme neno la maana. Mtoto ambaye haamki vizuri hajachoka, ni mgonjwa. Vivyo hivyo anayetapika mara kwa mara, anayetetemeka kama mtu wa kifafa, ambaye mkono ao mguu mmoja umelegea, ambaye mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili, ao anayetokwa na damu ao maji safi sikioni ama puani. Sikio lile usilizibe, wala usitie majani. Kwa mtoto mchanga shika utosi: ukivimba na kukaza wakati halii, mlete mara moja.

Hospitalini utaona muuguzi anamwita mtoto, anambonyeza ukucha kwa nguvu, anaandika namba. Mama wengine wanakasirika: “Anamtesa mutoto yangu!” Hamtesi. Ni hesabu iliyotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett kule Glasgow mwaka 1974, na waganga wa nchi nyingi wanaitumia. Macho yana alama 4, maneno 5, mwendo wa mwili 6. Mwenye akili timamu anapata 15. Akifika 8 ao chini yake, hatari ni kubwa sana. Wanarudia hesabu ile tena na tena, kwa maana namba inayoshuka inawaonya kabla mtoto hajazimia.

Juu ya kifua hatutasema mengi. Mbavu za mtoto zinapindika kama fimbo mbichi, kwa hiyo pafu linaweza kuumia bila mfupa kuvunjika. Fungua nguo, mwangalie akipumua. Unajua tayari kuhesabu pumzi kwa ajili ya kikohozi: kwa mwenye mwaka 1 mpaka 5, pumzi 40 ao zaidi kwa dakika, akiwa ametulia, ni nyingi mno. Upande mmoja wa kifua usiopanda kama mwingine, midomo ya rangi ya majivu, kukohoa damu: usingoje asubuhi. Kama kisu ao kijiti kimeingia na kimebaki, usikivute. Hicho chenyewe ndicho kinachoziba mshipa. Kidonda wazi cha kifua funika kwa kitambaa safi na kikavu, usikikaze kuzunguka kifua. Matumbo yakitoka nje, usiyarudishe, yafunike kwa kitambaa safi chenye maji safi.

Na njia? Usimbebe mgongoni kwa kikwembe, tumbo linabanwa. Aliyeanguka kutoka mtini shingo yake inaweza kuwa imevunjika. Watu watatu ao wanne wamwinue pamoja, kichwa na mgongo vikiwa vimenyooka, wamlaze juu ya kipoyi ao mlango. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima kwa ubavu. Mfunikeni, asipate baridi.

Mukifika, mwambie muuguzi saa aliyoanguka, kama alizimia, alitapika mara ngapi, amekojoa ao hapana, na dawa zote alizopewa, pamoja na za majani. Hatuko hapa kukugombeza. Kuja na kadi ya mizani, sababu dawa inapimwa kwa kilo, na ndugu wawili ao watatu wenye nguvu ambao damu yao inaweza kupimwa usiku ule ule.