Mhamaji Asiache Samadi Kisiwani

Ndugu zetu wengi wa Ukerewe, Ukara na Kome wamevuka maji na kuhamia bara. Wapo waliofuata mashamba, wapo walioitwa na dhahabu ya Geita, na wapo waliosogea hadi Shinyanga. Safu hii leo inawaelekea wao, pamoja na viongozi wanaowapokea, kwa jambo moja: bustani ya nyumbani.

Shinyanga haikuumbwa jangwa. Mvua yake ni ya msimu mmoja, lakini ilikuwa nchi ya miombo na migunga. Wakati wa utawala wa Waingereza misitu mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha pamba ikatanda na mifugo ikazidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilisogeza shule na zahanati karibu na watu, lakini, tusione haya kusema, iliwaondoa wengi kwenye ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, zikabaki bila mwenyewe. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kaya na vijiji vikatenga ngitili upya, na miti ikachipua yenyewe kutoka visiki vya zamani. Mwaka 2002 mpango huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Funzo lake ni wazi. Mtu hutunza kisiki anapojua kwamba kivuli chake kitakuwa cha watoto wake.

Sasa tumgeukie mhamaji. Wakara, kwa uhaba wa ardhi, walijifunza zamani kufunga ng'ombe nyumbani, kuwakatia majani na kupeleka samadi shambani kila mwaka. Ajabu ni kwamba wengi wao walipofika bara na kuona ardhi tele, waliuacha ujuzi huo kisiwani. Hasara iliyoje! Ardhi ya kichanga huchoka upesi kuliko mkulima, na udongo mweusi wa mbuga hupasuka jua likikaza.

Kwa hiyo mgeni na aanze na kidogo. Achimbe tuta la kuzama, si la kuinuka, ili maji yatuame. Alitie samadi iliyooza na kulifunika kwa nyasi. Azungushie ua wa minyaa, kwani mbuzi hawana adabu. Apande kunde, bamia na mchicha, akimwagia maji yaliyooshea mboga na nafaka. Na aliye jirani na machimbo asipande kabisa penye marudio ya dhahabu yaliyooshwa kwa zebaki: sumu hiyo haionekani katika jani, lakini humfikia mlaji.

Viongozi nao wana deni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hatimiliki ya kimila. Mgeni aliyepokewa kihalali na kijiji asaidiwe kuipata, wala asiachwe miaka akiishi kwa hisani ya maneno. Anayeogopa kuhamishwa kesho atapanda mchicha wa mwezi mmoja, hatapanda mwembe.

Dini zetu zinafundisha kuwa kupanda mti ni sadaka. Basi mhamaji aje na samadi, kiongozi aje na hati, na ardhi itawajibu wote wawili.